Koleo Juu ya Gurudumu Moja

Koleo alianguka mara ya tatu asubuhi hiyo ya Jumatatu, na mara ya tatu meno hayakugusa chini. Alilala chali katikati ya ua wa karakana, mkono mmoja juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, na kwenye mkono huo lilikuwa boksi la plastiki lenye meno ya bandia ya juu na ya chini. Kando yake kile chombo cha umeme cha gurudumu moja kilikuwa kinazunguka peke yake kikilia pii, pii, pii, kana kwamba kimesukumwa na kinataka mashahidi.

"Mzima?" Fundi Meno aliuliza kutoka dirishani.

"Mzima."

"Sikuulizi wewe. Naulizia mzigo."

Koleo aliinuka, akajipangusa makalio, akapeleka boksi dirishani. Fundi Meno, mwenye karakana, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, na maisha yake yote alikuwa akitengeneza meno ya watu waliopoteza ya kwao. Alifungua boksi, akayageuza meno taratibu, akayasogeza karibu na miwani.

"Hayajagusa chini," Koleo alisema. "Naapa."

"Najua. Nilikuwa naangalia. Umeyashika kama yai." Fundi alionyesha jino la mbele. Lilikuwa limemeguka pembeni. "Hili halikuvunjika kwa kuanguka. Limevunjika kwa kutikiswa. Umeshindwa kufika juu, umerudi nayo, na ya juu na ya chini yamegongana humu ndani njia nzima. Umewahi kusikia meno yakigombana bila mwenyewe?"

Koleo alikuwa ameisikia ile kakakaka tangu juzi, akadhani ni spana zilizo mfukoni.

"Haya ni ya Mwalimu Mkuu," Fundi aliendelea. "Yule mstaafu wa kule juu mlimani. Ijumaa saa nne shule yake ya zamani inafungua darasa jipya na yeye ndiye anayehutubia. Nitalitengeneza jino. Ijumaa saa tatu yawe mdomoni mwake. Ukiyafikisha salama, kazi ni yako mpaka uzeeke. Ukiyafikisha hivi, Jumatatu naleta wale wa pikipiki."

Koleo alikuwa tarishi wa karakana ile kwa miaka ishirini na minne. Karakana iko bondeni. Wasio na meno, kwa sababu anayoijua Mungu, wengi wanaishi juu. Kila siku alipanda kwa miguu, akashuka kwa miguu, mpaka goti la kulia lilipoanza kulia kama bawaba. Baiskeli inataka goti. Pikipiki aliiogopa waziwazi na hakuona aibu. Ndipo mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa, fundi wa vyombo vya umeme, alipomletea kile kigurudumu kama zawadi.

"Hiki kinataka usimame tu, mzee," alimwambia siku hiyo. "Ukiinama mbele kinakwenda. Ukiegemea nyuma kinasimama."

"Na nikipiga chafya?"

Mkwe alifikiri. "Usipige chafya, mzee."

Nyumbani mke wa Koleo, mshonaji wa sare za shule, alikipa kigurudumu jina la Mgeni, kwa kuwa kilikaa sebuleni, kilikula umeme na hakikusaidia kazi yoyote. Kila jioni taa yake ilipogeuka kijani, alimwita mumewe: "Njoo umtoe mgeni wako, keshashiba."

*

Jumatano mchana Koleo alikiburuta kigurudumu chake hadi kwenye banda la mkwe. Ukutani yalining'inia matairi matatu ya saizi moja: moja lenye njumu nene kama viatu vya mpira, moja laini kama kichwa kilichonyolewa, na moja lenye mifereji midogo, la kawaida, lisilo na sura ya kukumbukwa.

Tairi kama lile la njumu ndilo lililokuwa kwenye chombo, na Koleo ndiye aliyelichagua mwanzoni. Alilichagua kwa macho. Lilimkumbusha trekta, na trekta halianguki.

"Kwa nini hukunikataza?" alimuuliza mkwe.

"Wewe ni baba, mzee. Nikukataze vipi?"

"Basi leo nikataze."

Mkwe alijikuna shingo. Kumkataza baba wa mkewe kulikuwa kazi ngumu kuliko kubadilisha lile tairi, na kulibadilisha kwenyewe si mchezo, maana mota imekaa humohumo ndani ya gurudumu na lazima ufungue chombo chote, skrubu moja moja, mpaka kibaki mifupa.

"Niambie njia yako, mzee."

Hapo Koleo alikuwa nyumbani kwake. "Lami mpaka kwa kinyozi. Vitofali mpaka kwenye bomba la maji. Changarawe hatua mia na arobaini. Matope hatua kumi na mbili, hapo wanapoosha magari. Halafu saruji mpaka juu."

"Njumu ni za matope."

"Nayo matope yapo."

"Hatua kumi na mbili, mzee." Mkwe aliinamisha kichwa kwa heshima. "Kwa ajili ya hatua kumi na mbili tumeyatesa meno ya mji mzima."

Lile laini nalo lingempeleka Koleo chini palepale kwenye matope, mbele ya waosha magari, watu ambao hawajawahi kuona kitu cha kuchekesha wakakinyamazia. Likabaki lile lisilo na sura. Mkwe alilivisha, akalijaza upepo, na Koleo akatoa mfukoni meno ya zamani yaliyokataliwa na mteja, akayaweka kwenye boksi, akaliweka boksi juu ya chombo. Wakakisukuma kwa mkono juu ya vitofali vya mlangoni.

Kakaka.

"Punguza upepo," Koleo alisema.

Ka. Ka.

"Punguza tena kidogo."

Kimya. Mara mojamoja, ka, kama mzee anayetafuna usingizini.

"Hapo hapo," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alitabasamu.

Kuanguka, hata hivyo, kulikuwa palepale. Nje ya banda alipanda, akaenda hatua ishirini, akataka kushuka, mguu ukagoma kutoka, akalala ubavu. Mkwe alikimbia kumwinua. Pande zote mbili za kile chombo kulikuwa na mito ya kushikilia miguu, imebandikwa kwa mikanda inayonata, na mkwe alikuwa ameipanga sawasawa na video aliyoitazama mara sita.

"Mito iko sahihi, mzee. Nimepima. Tatizo labda ni..." Alitazama miguu ya baba mkwe, akatazama juu, akatazama mbali. "Labda ni upepo wa leo."

"Upepo gani? Hata jani halitikisiki."

"Au chombo na miguu ya mzee... havijazoeana."

Kijana wa watu alikuwa akitokwa jasho. Koleo hakuelewa ni kwa nini.

*

Aliyeelewa ni mkewe. Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni na futi ya kamba shingoni, akamtazama mkwe akisogeza mito nusu inchi huku, nusu inchi kule, akimzunguka mzee kama mtu anayepima mti wa jirani bila ruhusa. Alivumilia kwa dakika tano.

"Mwanangu," alisema, "mwambie ana matege."

Mkwe alidondosha bisibisi.

"Mama, mimi sikusema."

"Najua hukusema. Ndiyo maana baba yako ana michubuko mpaka kwenye kiwiko. Umempangia mito ya mtu mwenye miguu kama mwiko, na huyu mtaa mzima unamwita Koleo. Ulidhani ni jina la ukoo?"

Koleo alitazama miguu yake. Si kwamba hakujua. Shuleni, kabla hajaacha darasa la tano, kila asubuhi mstarini sauti moja kali ilikuwa ikimtoa mbele: "Wewe! Miguu pamoja!" Naye alifumba macho, akabana visigino, akakaza mapaja mpaka akatetemeka, na magoti yake hayakukutana hata siku moja. Pengo lilibaki palepale, paka angepita. Sauti ile ilikuwa ya Mwalimu Mkuu. Meno yake ya Ijumaa yalikuwa yanatengenezwa upya bondeni wakati huo huo.

"Ni kweli," alisema polepole. "Chini mito inanibana vifundo, ndiyo maana mguu hautoki. Juu magoti yanaelea hewani, ndiyo maana nayumba."

"Basi tupime, mzee?" mkwe aliuliza, bado akitazama pembeni. "Katikati ya magoti?"

"Huwezi kupima kwa futi. Nikisimama chini ni hivi, nikipanda ni vingine." Koleo alimgeukia mkewe. "Nipe chaki yako ya bluu. Ile ya kuchorea vitambaa."

Miaka ishirini na minne alikuwa amemwona Fundi Meno akifanya jambo moja lile lile. Mtu akiletewa meno mapya, Fundi hamuulizi yanauma wapi, maana mtu hajui. Anamwekea karatasi ya bluu katikati, anamwambia aume. Panapobana panaacha alama. Anakwangua kidogo pale pale, anarudisha, mtu anauma tena. Hakwangui mdomo.

Koleo aliipaka mito yote chaki, akavaa suruali yake ya kaki ya kazini, akapanda. Aliuzunguka ua mara moja huku mkewe akikimbia ubavuni amekunja kanga mkononi, tayari kumdaka kama mtoto anayejifunza kutembea. Aliposhuka, au tuseme alipoanguka kwa utaratibu, wote watatu waliinama kuisoma suruali. Kwenye vifundo bluu ilikolea. Magotini hapakuwa na kitu.

"Mto umelala kichwa chini," mkewe alisema. Alichukua mkasi, akakata sponji ya chini, akaongeza juu vipande vya mto wa kiti uliochakaa, akafunika kwa kitambaa cha sare kilichobaki, kijani cha shule ya jirani. Akaikung'uta suruali alama za mwanzo, akapaka chaki upya. "Panda."

Alipanda. Bluu ilipanda nayo mpaka nusu ya muundi. Mguu wa kushoto ukaonekana una tege kubwa kuliko wa kulia.

"Miaka thelathini na moja naishi na huyu mtu," mkewe alisema, "leo ndiyo nimejua."

Mara ya tano, alama zilitoka ndefu, nyepesi, kutoka chini ya goti hadi juu ya kifundo, kulia na kushoto. Koleo aliegemea nyuma, chombo kikasimama, akateremsha mguu. Mguu ukatoka kama unatoka kwenye kandambili.

Mkwe alipiga makofi, akakumbuka ni baba mkwe, akayageuza makofi kuwa ya kupangusa mikono.

*

Ijumaa alikwenda. Lami, kinyozi akatoka nje na wembe mkononi. Vitofali, boksi likasema ka, likanyamaza. Changarawe, Koleo alikunja magoti na kwa mara ya kwanza goti la kulia halikusema neno. Kwenye matope waosha magari waliacha kumwaga maji, wakangoja kwa hamu kubwa. Tairi liliteleza kiganja kimoja kushoto. Koleo alibana mito kwa magoti yake yote mawili, na miguu ile iliyokuwa haijawahi kukutana ilikamata kile chombo kama koleo linavyokamata msumari. Alinyooka, akapita. Nyuma yake mtu mmoja alisema "aah!" kwa masikitiko ya kweli.

Saa tatu kasoro dakika kumi alifika. Mwalimu Mkuu alikuwa barazani amevaa gauni la hotuba, amejiziba mdomo kwa mtandio mpaka chini ya macho. Hakusema neno. Alinyoosha mkono tu, na Koleo, mtu mwenye wajukuu, akaona moyo wake unakwenda mbio kama anayepeleka daftari. Mwalimu aliingia ndani. Koleo alibaki juu ya chombo, ameshika ukuta, akisikiliza. Ndani kulisikika ka moja, imara, kisha ka nyingine.

Mwalimu alitoka bila mtandio. Alimtazama usoni muda mrefu, kisha akashusha macho mpaka kwenye miguu, kwenye mito ya kijani, akakunja uso.

"Wewe," alisema, na kila herufi ilikuwa mahali pake. "Miguu pamoja!"

Koleo alibana. Magoti yaligusa mito, kulia na kushoto, yakafika mwisho.

"Imegota, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu aliinama kidogo kuhakikisha. Hapakuwa na upenyo hata wa unyoya.

"Ilikuchukua muda," alisema, akachukua mkoba wake.

Simu ya Koleo iliita kabla mwalimu hajafika langoni.

"Yamefika?" Fundi Meno aliuliza.

"Yamefika."

"Anaongea?"

"Ananigombeza."

Kwenye simu alisikika mtu akishusha pumzi. "Basi yamekaa sawa. Jumatatu uwahi, kuna ya watu wawili huko huko juu."

Jioni mkewe alifua. Alifua mashati, alifua gauni lake, akaishika suruali ya kaki, akaigeuza upande huu na upande ule, akairudisha kavu bila kuitia maji. Mito itachakaa siku moja, na vipimo vyote viko pale. Aliianika tu kwenye kamba ipate hewa, pembeni ya nguo nyingine. Upepo mdogo ulikuja ukaijaza, na ile suruali ikasimama hewani peke yake, magoti mbalimbali, na mistari miwili ya bluu kwa ndani, ikiyumba kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kuanguka.