Mfuko wa Mirtel na Mawe ya Ukutani

Bibi Helju alitoka kusini, upande wa Võru, akahamia kwa bintiye kaskazini, karibu na bahari. Miaka mitatu ilipita na wenyeji bado walimwita "yule wa kusini", kana kwamba kusini ni ugonjwa. Kitu kimoja tu kilimfanya ajione wa hapo: chumba cha nyuma cha maktaba. Kila Jumamosi aliwafundisha humo watoto wanane kuchachusha kabichi na kushona, na kazi ikichosha aliwategea vitendawili. Wakishindwa walimpa mji.

"Chukua Tallinn, Bibi, mji mkuu mzima!"

"Tallinn ya nini? Nipeni Võru."

Sasa Aime, mwalimu wa dansi, alikitaka chumba hichohicho. Taavo, mwenyekiti wa kijiji, aliyeogopa ugomvi kuliko nyuki, akaamua: "Sikukuu ya Mardi, mwezi wa Novemba, nitakuja kuonja kabichi ya watoto. Ikilika, mama Helju abaki. Isipolika, Aime aingie na redio yake."

Basi kabichi ikakatwa nyembamba, ikatiwa chumvi na mbegu za kisibiti, ikapondwa, kila mtoto na ndoo yake, mpaka ikatoa maji yake yenyewe. Ikabaki kuikandamiza kwa jiwe, na kila mtoto alipaswa kushona mfuko wa kitani wa kulitia jiwe lake.

"Sindano inakwenda mbele hatua moja, inarudi nyuma nusu," alisema Helju.

"Kama mlevi?" aliuliza Mirtel, mwenye miaka saba.

"Kama mlevi anayefika nyumbani."

Mirtel alishona kwa bidii, ulimi nje. Aliposimama, mfuko nao ukasimama: alikuwa ameushona pamoja na sketi yake. Akafumua, akaanza upya, safari hii akapitisha uzi mbali mno na ukingo, mfuko ukatoka kama soksi ya mtoto mchanga.

Wenzake walikimbilia ukuta wa zamani nyuma ya maktaba, wakarudi na mawe meupe, bapa, mazuri kama sahani. Mfuko wa Mirtel haukuingiza hata moja. Akalia. Mwishowe akaokota kijiwe chekundu kwenye jiko la sauna, bafu la mvuke la babu yake.

"Langu baya," alisema.

"Jiwe ni jiwe, mjukuu wangu," Helju alimfariji.

Wiki tatu baadaye, siku ya Mardi, Taavo alikuja na uma mfukoni, Aime na redio kwapani. Helju alifunua ndoo ya kwanza. Ikamzomea: fssss! Povu likapanda. Jiwe lilitoka limetoboka-toboka kama jibini.

Taavo alionja, akafumba macho. "Mama, hii ni chaki. Mlitia jiwe gani?"

"La ukutani."

"La chokaa! Uchachu unalitafuna! Hapa hata mtoto anajua."

Helju aliwageukia watoto. "Mbona hamkuniambia?"

Walitazamana. "Tulidhani huko kwenu ndivyo mnavyopenda," alisema Kaur, mmoja wao.

"Huko kwetu mawe yote ni magumu," Helju alijibu polepole.

Ndoo ya pili, chaki. Ya tatu, chaki. Ilipofika ya saba, Aime alikuwa akitafuta mahali pa kuchomeka redio, na Helju akaanza kukusanya sindano zake. Mirtel akamvuta aproni.

"Bibi, bado yangu."

Kijiwe chekundu kilitoka kizima, bila povu. Taavo alichota kidogo, kwa woga. *Kacha!* Akachota tena. Akachota tena.

"Lete huo uma nami nionje, nisije nikadhulumiwa," alisema Aime. Alitafuna. Akatafuna zaidi. "Imechacha vizuri," alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, huku uma ukirudi ndooni.

"Lakini ni ndoo moja kati ya nane," Taavo alijikuna.

"Hukutaja idadi," alisema Helju. "Ulisema ikilika."

Taavo alichungulia ndooni. Ilikuwa imebaki nusu. Akamtazama Aime, aliyekuwa bado anatafuna.

"Imelika," alisema.

Watoto walipiga kelele mpaka vitabu vikatikisika. Aime alichukua redio yake, akafika mlangoni.

"Aime, kitendawili!" Helju alimwita.

"Haya, tega."

"Kibovu changu kimeniokoa."

Aime aliwaza, uma bado mkononi. Mirtel alikuwa ameficha mfuko wake nyuma ya mgongo, akicheka.

"Sijui. Nakupa mji. Chukua Tallinn."

"Sitaki."

"Võru, basi."

"Nipe huu huu wa hapa," alisema Bibi Helju, akaketi.