Wa Kwanza Kuishiwa Hewa

Fundi wa kuchomelea alinyoosha kidole kimoja, maana yake geji ya mtungi wake bado inasoma mia. Mwongozaji akamtazama machoni kupitia kioo cha miwani yake ya kuzamia. Hayakuwa macho ya mtu mwenye mia. Yalikuwa macho ya mtu aliyejikaza kisabuni.

Walikuwa mita kumi na sita chini ya maji, wazamiaji saba na yeye, mwanamke aliyekuwa mwongozaji wao, na ilikuwa dakika ya ishirini na tano. Alipiga mapezi mara mbili, akaidaka geji ya hewa ya fundi kabla mwenyewe hajaificha nyuma, akaisoma. Thelathini na tano. Kabla ya kuzama walikuwa wamekubaliana kwamba hamsini imkute kila mtu yuko juu.

Hakumuuliza mara ya pili. Alimpa mdomo wa akiba wa mtungi wake mwenyewe, akamshika mkanda wa kifuani, akawaonyesha wengine dole gumba: wote juu. Walipanda taratibu, wakasimama mita tano kwa dakika tatu kama inavyotakiwa ili mwili usidhurike, fundi akiinyonya hewa ya mwanamke yule kama mtoto aliyecheleweshewa ziwa. Mwongozaji alikuwa akiomba moyoni. Ee Mwenyezi, huyu usimchukue mikononi mwangu.

Walipoingia mashuani, makofi yakaanza.

"Pampu! Pampu! Pampu!" walimwimbia fundi.

"Mwaka wa tatu mfululizo!" alipaza sauti yule waliyemwita Katibu, karani mwembamba wa stoo ambaye ndiye aliyepanga safari. "Huyu bwana anavuta hewa kama anadai urithi!"

Wakacheka wakashika mbavu. Wote walifanya kazi kiwanda kimoja, na kila mwaka walikuja siku nne kuzamia, ila na mwongozaji huyu ilikuwa mara yao ya kwanza. Fundi naye alicheka, lakini mara mbili alijaribu kufungua mkanda wake akashindwa.

"Kuna nini cha kushangilia?" mwongozaji aliuliza.

"Ni sheria yetu, dada," Katibu alisema. "Wa kwanza kuishiwa hewa anaosha nguo za kuzamia za kila mtu. Na wakati wa chakula anasimama mpaka wote tumalize kula. Utani tu."

"Kwa hiyo mtu akinionyesha kweli kwamba hewa imekwisha, mnamwadhibu."

"Si adhabu, dada, ni utani."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtu huyu ana kilo mia na kumi. Mapafu yake ni makubwa kama alivyo mwenyewe. Utamcheka mtu kwa sababu kiatu chake ni namba arobaini na sita?"

"Tumeshamcheka na kwa hicho pia," mmoja alisema, na mashua nzima ikalipuka tena kwa vicheko. Mwongozaji aligeuka akaanza kufunga mitungi, maana neno lililokuwa tayari kutoka halikuwa la kumpendeza Mungu.

Alasiri bosi wake alimwita ofisini, chumba kidogo chenye meza moja, feni, na safu ya mitungi ukutani. Katibu alikuwa ameshamtangulia kwenda kulalamika.

"Wanasema umewagombeza," bosi alisema. "Kesho ni ile meli iliyozama, wameingoja miaka mitatu. Mteja akitaka kucheka, mwache acheke."

"Meli iko mita ishirini na nane, bosi. Kina kile hewa inakwisha upesi mara moja na nusu kuliko leo. Akinidanganya tena kule, nitampandisha maiti."

"Unataka nini?"

"Apewe mtungi mkubwa. Kundi ligawanywe: wanaotumia hewa nyingi pamoja na mimi, wanaotumia kidogo na mwongozaji mwenzangu, kila kundi lirudi kwa wakati wake. Na ile sheria yao ife leo."

"Mtungi sawa. Makundi sawa. Lakini utani wa watu wazima mimi naufutaje?"

"Basi kesho tafuta mwongozaji mwingine."

Bosi alimtazama. Miaka sita alikuwa hajawahi kumsikia akisema hivyo. Mwongozaji mwenyewe alikumbuka ada za shule za wadogo zake wawili, zilizotoka kwenye kazi ile. Lakini hakulirudisha neno lake.

Bosi akafungua mlango, akawaita Katibu na fundi.

"Ulikuwa na hewa kiasi gani?" alimuuliza fundi.

"Geji yangu nadhani ina kasoro," fundi alijibu akitazama sakafu.

"Haina!" mwongozaji alisema. "Nimeipima kwenye mitungi mitatu. Kaka, kwa nini umenidanganya? Ungekufa mbele yangu. Unajua hilo?"

Fundi akainua macho. "Dada, katika kundi hili yumo mkwe wangu. Ameoa binti yangu mkubwa. Mwaka jana alikula akinitazama nimesimama kando ya ukuta na sahani zao mbele yangu. Nikasema, heri hewa iniishie kuliko mkwe aniangalie vile tena."

Katibu alikuna paji la uso, kisha akalishika kwa kiganja na kufumba macho. Mwongozaji aliligundua hilo, akakumbuka kitu alichokiona chini ya maji bila kukitilia maanani: mapovu ya Katibu yalitoka machache, tena kwa vipindi virefu.

"Kichwa kinakuuma tangu lini?"

"Kila nikizama. Ni mambo ya kawaida."

"Unabana pumzi."

"Kidogo," Katibu alisema, na kwa mbali alitabasamu. "Ndiyo maana leo nimepanda na hewa ya mia na kumi. Hakuna aliyewahi kunishinda."

"Mshindi!" Mwongozaji aliipiga meza kofi hata bosi akashtuka. "Mmoja anaficha kwamba hewa imekwisha, mwingine anajinyima hewa aliyonayo! Hewa chafu inajaa ndani yako mpaka kichwa kinapasuka, na siku moja utalala kule chini kimya kimya, wenzako wakidhani unatazama samaki. Na mnaita utani!"

"Nitawaambia wenzetu mimi mwenyewe," fundi alisema. "Mkwe wangu asikie kutoka kwangu. Thelathini na tano." Akatoka. Nje sauti yake ilisikika ikitaja ile namba, na safari hii hakuna aliyecheka.

Bosi aliguna. "Sheria imekufa. Anayeitaka akazamie kwingine."

"Na mimi kesho?" Katibu aliuliza taratibu. "Ile meli..."

"Wewe kesho unabaki mashuani."

"Dada, miaka mitatu nimeingoja!"

"Hata kama ungengoja kumi." Mwongozaji alikuwa bado na hasira, wala hakuona sababu ya kuificha. Alimwekea kiti. "Kaa hapo. Vuta pumzi, kisha uitoe. Nataka nikusikie."

Katibu aliketi, akavuta kidogo, kwa ubahili.

"Hewa hiyo ni ya Mungu," mwongozaji alisema. "Hatakudai. Toa yote, uvute tena."