Kufuli Tatu za Ghala la Mbegu

Nadeem wa mradi alipopiga simu, Esnath aliiacha iite mpaka ikakaribia kukatika. Hakumchukia yule kijana hata kidogo. Habari zake tu ndizo zilizomchosha, maana kila wiki zilikuwa mpya, na kila wiki viazi vilikuwa palepale.

"Shikamoo, mama mwenyekiti. Leo kuna habari njema. Jaji wa Marekani ameamuru misaada iachiwe."

"Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo unakuja na ufunguo?"

Nadeem akakohoa. "Bado, mama. Serikali yao imekata rufaa."

Viazi vyenyewe vilikuwa mbegu bora, vimefungiwa ndani ya ghala la kikundi huko milimani, juu ya Uyole. Mbegu zilitoka kwa mradi wa Wamarekani. Ghala walilijenga wanakikundi kwa matofali waliyoyachoma wenyewe. Mlangoni zilining'inia kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao Esnath, mwenyekiti. Wa pili alikuwa nao mzee Isakwisa, mtunza ghala aliyechaguliwa na wanachama. Wa tatu alikuwa nao Nadeem, ofisa wa mradi.

Wazo la kufuli tatu lilikuwa la Esnath. Mwenyekiti aliyemtangulia, shemeji yake Fanueli, alikuwa akishika ufunguo peke yake, na msimu mmoja mbegu zote zikaishia sokoni Mwanjelwa. Esnath akasimama mkutanoni akasema mtu mmoja asikabidhiwe tena mlango mzima. Walimpigia makofi sana, naye, tusifichane, aliyafurahia.

Halafu mwezi wa kwanza rais wa Marekani akasimamisha misaada. Mradi ukaambiwa usiguse kitu. Nadeem akarudi kwao Iringa, dukani kwa baba yake pale Mlandege, ufunguo ukiwa mfukoni.

"Hebu nieleweshe," Isakwisa alisema Esnath alipompelekea habari ya jaji. "Hela za mradi alizipitisha nani?"

"Bunge lao."

"Na jaji kasemaje?"

"Kasema rais hawezi kuzizuia peke yake."

"Basi ni wawili kwa mmoja. Mbona mlango haufunguki?"

"Kwa sababu Bunge linapanga na jaji anaamua, lakini wanaotoa ni watu wa rais. Wakikaa tu, hela nazo zinakaa."

Mzee akahesabu kwa vidole. "Kumbe na wao wana kufuli tatu."

"Wanazo. Nadeem anasema zamani waliogopa mfalme."

"Sisi tulimwogopa Fanueli," akasema Isakwisa, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakacheka.

Kicheko hakikudumu. Mbegu ya viazi haitaki kusahauliwa. Lazima ichambuliwe mara kwa mara, kilichooza kitolewe kabla hakijaambukiza vingine. Na nani angechambua mlango umefungwa? Mvua zilikuwa zimeshika, msimu wa pili wa kupanda unapita, na ukichungulia dirishani uliona machipukizi yamerefuka, yamelala. Esnath aliacha kuchungulia. Alipita nyuma ya ghala kila alipokwenda kisimani, ingawa njia ile ilikuwa ndefu.

Asubuhi moja alimkuta Isakwisa mlangoni ameshika nyundo.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama mwenyekiti. Navunja hiyo ya Nadeem. Wewe geuka tu utazame kule."

Esnath alitamani kugeuka. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kugeuka tu kungekuwa mapumziko. Badala yake akaenda kusimama kati ya mzee na mlango.

"Leo wewe utavunja kwa nia njema, baba. Mwaka kesho Fanueli naye atakuja na nyundo yake na nia yake. Tutamwambia nini? Katiba ya kikundi inasema theluthi mbili ya wanachama wakikubali, kufuli inavunjwa kihalali. Tuitishe mkutano."

"Na viazi vitasubiri mkutano?"

Esnath akaondoka kwenda kuwaita wanachama. Siku mbili alipanda na kushuka vilima akibisha hodi, miguu imevimba. Aliwakuta watu mashambani, wakipanda mbegu dhaifu walizonunua Mwanjelwa. Walimpokea vizuri, wakamwambia tutakuja, mama. Siku ya mkutano walifika wachache, wakajikunyata barazani wakitazama mvua. Hata nusu hawakutimia. Isakwisa alimwangalia Esnath, akaangalia nyundo, kisha akaenda zake nyumbani bila kuaga.

Nadeem alikuja mwezi mwingine ukiwa katikati, ameshuka basi la Iringa na tope mpaka magotini. Mradi ulikuwa umefutwa, na yeye hana kazi tena. Lakini huku kesi ikiendelea mahakamani, wakubwa wake waliandika kwamba vilivyo ghalani wakabidhiwe wakulima. Alitoa ufunguo kwa mikono miwili, kama anayetoa pole.

Walifungua kufuli moja baada ya nyingine, kila mtu yake. Mlango ulipoachia, harufu iliwarudisha nyuma. Magunia yalikuwa yamelowa na kubonyea, maji meusi yakitiririka sakafuni. Nadeem alifunika pua kwa shati, macho yamejaa machozi. Esnath aliingia, akainama, akaanza kuchambua, ingawa hapakuwa na cha kuchambua.

Watu walikusanyika. Hata Fanueli alikuja, akaegemea kizingiti. Akazitazama kufuli tatu zilizo wazi, nzima kabisa, hakuna hata moja iliyokwaruzwa.

"Shemeji," alisema taratibu, wala hakuwa anakejeli. "Zile nilizoiba mimi, angalau kuna mtu alizipanda."

Esnath aliendelea kuinama, mikono imelowa uozo, moyo unamuuma. Alijua mkutano ujao watataka kufuli ibaki moja, na alijua yeye atasimama tena, peke yake, kutetea tatu. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote.