Nafasi ya Mafuta

Meneja wa kituo cha pampu walimwita Bwana Kaza, maana kwa kila ugonjwa wa mashine alikuwa na dawa moja. Ikipiga kelele, kaza. Ikivuja, kaza. Ikinyamaza, kaza vilevile. Fundi aliwahi kusema kwamba bwana yule hata siku ya kuzikwa atafufuka kidogo awaambie wachimbaji wakaze udongo. Wenzake walivunjika mbavu. Fundi mwenyewe hata meno hakuyaonyesha.

Miaka miwili nyuma, beringi ya pampu kubwa ilikuwa ikigonga kidogo. Bwana Kaza akaamuru vitolewe vibati vyote, vile vipande vyembamba vinavyotenganisha nusu ya juu ya beringi na ya chini, ili shafti, ule mhimili unaozunguka ndani yake, isicheze kabisa. Fundi alijua si sawa. Shule hakuimaliza, lakini hilo alilijua. Akaufyata. Siku ya tatu beringi ikaungua, ikaing'ang'ania shafti, mji mzima ukakosa maji. Fundi akaomba ruhusa aende hospitali, mkewe amezidiwa. Akaambiwa, "Kwanza ng'oa ulichokiunguza." Alipofika wodini, grisi hadi viwikoni, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Sasa beringi mpya ilikuwa wazi mbele yake, imekwanguliwa ikang'aa, na shafti imelala ndani yake, nene kama kopo la maziwa.

"Safari hii itapata nafasi yake," alimwambia mwendesha pampu, mdogo wa marehemu mkewe. "Wakitaka kunifukuza, wanifukuze."

"Shemeji, hakuna aliyekufukuza. Kunywa chai, inapoa."

"Iache ipoe."

"Basi na wewe upoe."

Alilaza waya laini wa risasi juu ya shafti, akafunika nusu ya juu, akakaza nati zote, kisha akafungua tena. Waya ulikuwa umebanwa ukawa bapa. Unene wake ndio nafasi iliyobaki. Akaupima kwa maikromita.

Shemeji yake, aliyemjua tangu alipokuja kuposa na suruali ya kuazima, akasogea. "Ngapi?"

"Inatosha."

"Sikuuliza kama inatosha. Ngapi?"

Gawanya milimita moja mafungu mia. Kwa shafti ile yalitakiwa kumi na mawili: mafuta yapate pa kuingia, yaibebe shafti isiguse chuma, na ikipata moto ikavimba isibanwe. Alikuwa ameweka vibati viwili kila upande, mahali ambapo kimoja kingetosha.

"Ishirini," alisema.

"Ikizidi inakuwaje?"

"Mafuta yanakimbia. Shafti inagonga mpaka inajimaliza."

"Kumbe! Bwana Kaza anaua kwa kubana, na wewe unaua kwa kulegeza. Umefanya kazi kwa hasira, shemeji. Dada hayumo humo ndani."

Fundi aliutazama ule waya kiganjani. Waya haukujua nani alimkosea nani. Ulisema ishirini, basi.

Alikuwa akichomoa kibati cha kwanza Bwana Kaza alipoingia, tai ameitupa begani isishike grisi.

"Enhe! Si unakaza sasa? Nilikwambia mimi! Mbishi, lakini unafundishika."

Neno lile lilikuwa chungu kama shubiri, naye akalimeza. Akachomoa kibati cha upande wa pili, akafunga, akaweka waya mwingine, akapima. Kumi na mawili.

"Haya, na hivyo vilivyobaki," Bwana Kaza alisema. "Vyote nje."

"Hivyo haviondoki."

"Bosi hapa nani?"

"Wewe, bwana mkubwa." Fundi alifuta mikono, akafungua daftari la kazi, akaandika polepole kwa mwandiko wake wa kuchechemea: nafasi ni mafungu kumi na mawili, nimepima mimi. Akatia saini. "Ikiungua hivi, jina langu hilo hapo. Wewe ukitaka vyote vitoke, andika chini yake umeamuru, utie saini. Kisha mtafute wa kuvitoa. Mara ile hakuna aliyeandika kitu, na aliyeunguza nikawa mimi."

Bwana Kaza aliishika kalamu. Akausoma ule mstari mara mbili. Akaizungusha kalamu, akairudisha juu ya daftari.

"Una kichwa kigumu kama nanga," alisema, na ghafla akakumbuka kwamba ana mkutano.

Pampu ikawashwa. Fundi alivua glavu, akaweka kiganja juu ya beringi, na hapo hakutoka. Joto lilipanda. Likapanda tena. Shemeji alimletea kiti, hakukikalia. Saa moja ikapita, joto likagota mahali pamoja, kama paji la uso la mgonjwa aliyeshukwa na homa.

"Vipi?" shemeji aliuliza.

"Mkono unavumilia."

Kwa mkono wa pili akapokea chai, ya moto safari hii, na kile kiganja hakukiondoa.