Nyota za Kipimo

Marehemu mke wangu ndiye aliyeingiza nyota za kipimo kwenye programu ya jumba la nyota, pale ninapofagia, ambapo wageni huonyeshwa picha za nyota kwenye kuba la dari. Ni nyota ambazo mwanga wake haubadiliki, kwa hiyo nyingine hupimwa kwa hizo. Alizihangaikia mpaka kifua kikamlaza kitandani. Wakubwa hawakuja hata kumjulia hali.

Jana nilimkuta mkuu, yule aliyepewa kiti na shemeji yake, anazifuta kwenye kompyuta.

“Bosi, si kazi ya mama watoto hiyo?”

“Mzee Fagio, hizi zimelala doro. Hazimetimeti, wageni wanapiga miayo.”

“Marehemu alisema zisiguswe.”

“Basi mwambie aje azitetee.” Makarani wakaangua kicheko.

Nikamsihi: “Niachie japo moja, baba. Sina kingine alichokifanya kwa mkono wake.”

“Haya, chagua. Ipi?”

Nikainua macho kubani. Zote zilikuwa vinukta tu. Mke wangu alinitajia majina ya nyota hizo kila siku, lakini yalikuwa namba tupu, nami kusoma kwenyewe kwa kubahatisha.

“Ile,” nikasema, nikinyoosha kidole.

“Hiyo si yake, mzee,” akasema, akabonyeza kufuta zilizobaki.