Korongo kwenye Daftari la Kathini

Januari ile ya vurugu za baada ya uchaguzi, Kathini alikuwa akitoka bwawani kuhesabu ndege waliokimbia baridi ya Ulaya. Alipofika mtaa wa Mashimoni, vijana wenye mapanga walimsimamisha. Mmoja akamnyang'anya daftari, akalifungua na kusoma.

"Mashimoni, wawili. Raila, watano. Siste, unaandikia nani watu wetu?"

Kathini akajibu, "Ni korongo weupe niliowaona juu ya mitaa hiyo. Ni nadra kuonekana huku."

"Tuonyeshe basi!"

Juu ya mabati palikuwa na moshi mtupu. Panga likainuliwa.

"Wachaneni na yeye," akasema jirani yake Osewe, aliyekuwa kwenye kundi hilo. "Huyo ni wazimu wa ndege. Hata jana alinitoa kwa chai anionyeshe mmoja."

Wakacheka, wakamsukuma aende. Kathini alikimbia bila daftari. Mabawa mapana yalipovuma juu yake, hakuthubutu kuinua macho.