Kipimo cha Kiberiti

Jumatatu moja ya mwaka 2004, saa nne asubuhi, Kokila alikuwa jikoni kwake mjini Kitale akipangusa mikebe ya dengu alipoona kwamba miguu yake haigusi sakafu. Alimwita mpishi wake, Nakhumicha, naye akaleta kiberiti na kukisukuma chini ya kisigino cha mama. Kilipita bila kukwama.

"Ni kiberiti moja, mama, ikiwa imelala," alisema Nakhumicha, akarudi kwa masufuria yake.

Kokila alifurahi nusura apige vigelegele. Siku hiyo alikuwa amefunga, na huo ulikuwa mfungo wa tatu tu tangu aurudie. Zamani yeye na mumewe, Jashvant, walifunga pamoja kila siku ya kumi na moja, mwezi ukikua na mwezi ukipungua, bila nafaka wala dengu, kama Wahindu wengi wafanyavyo. Jashvant alipofariki aliuacha kidogo kidogo, leo biskuti, kesho chapati, hadi akasahau kuangalia kalenda. Sasa alikuwa ameapa kutoukosa tena. Picha ya mumewe ilitundikwa juu ya mlango wa sebule, na shada lake la maua lilikuwa limekaukia huko miaka minne. Ngazi ilikuwapo stoo, lakini Kokila hakuitaka. Alitaka kumfikia Jashvant kwa ibada.

Basi akajifunga kibwebwe. Aliacha viazi na njugu ambazo wafungaji huruhusiwa, akaacha maziwa, akabaki na maji matupu. Mfungo wa nne, viberiti viwili. Wa tano, vitatu! Alicheka peke yake sebuleni kama msichana.

Siku ya mfungo wa sita alitunga shada la maua mabichi, akasimama mlangoni, akanyoosha mkono. Alipungukiwa na urefu wa mkono mzima. Machozi yakamlengalenga.

"Lete, mama," alisema Nakhumicha. Akapanda hewani taratibu mpaka karibu na dari, akatoa shada kavu, akavisha jipya, akainyoosha picha iliyokuwa imepinda, kisha akashuka hadi pale alipozoea kusimama, kimo cha shubiri moja juu ya sakafu. Kwa mara ya kwanza Kokila alizitazama ndala za Nakhumicha. Zilikuwa zile zile alizokuja nazo kazini miaka tisa iliyopita, na karatasi ya bei ilikuwa bado imebandikwa chini ya soli.

"Kumbe wewe pia unafunga!"

"Hapana, mama. Mimi ni mtu wa kanisa, kule Lugulu. Ni vile tu sijakula."

"Leo?"

"Hapa kazini, mama. Si ulisema nisilete chakula yangu humu ndani, ati itanuka samaki? Na ya hapa sijawahi ambiwa nikule."

Uso wa Kokila ukang'aa, akamshika Nakhumicha mikono yote miwili. Miaka tisa bila kukosa hata mchana mmoja! Hakuwahi kuona uvumilivu wa namna hiyo, na hakutaka kamwe kuwa mtu wa kuuvunja.

Kesho yake mfungo wa Kokila ulikuwa umekwisha. Nakhumicha alimpakulia dengu na chapati za moto, akangoja kando ya meza. Kokila alimpa ufagio.

"Anza na ule utando wa buibui pale darini," alimwambia kwa upole, akimega chapati ya pili.

Nakhumicha aliupokea ufagio, akapanda.